Farisi wa Jua

Tromsø, Desemba. Jua lilituaga mwezi uliopita
bila kupeana mikono.
Saa nane mchana taa za barabarani zinawaka,
nasi wanne tumeshuka chini ya duka la baiskeli la Håvard,
viatu vyetu mlangoni vinatiririka theluji.
Mezani kuna ramani ya penseli, karanga,
na dadu la pande ishirini lenye ufa kwenye saba.

Mimi ni mwizi. Kila mtu anatarajia niibe, basi naiba,
sidaiwi na mbingu yoyote.
Ragnfrid ndiye farisi.
Asubuhi huwabadilishia wazee shuka katika nyumba ya kulelea,
baadaye huvaa deraya ya karatasi
na kumwapia mungu wa jua
katika mji ambao jua lenyewe limekwenda likizo.

Kiapo alikitunga mwenyewe, nyuma ya risiti ya dawa:

    Sitasema la uongo, japo kisu ki shingoni,
    Sitampiga mgongo, mtu aliye mbioni,
    Sitapima kwa kiwango, ahadi yangu moyoni,
    Jua ndilo langu lengo, niwapo hata gizani.

“Farisi huyu,” akasema Jostein, “tukimwachia
kesho ataamka mfarisayo.”
Hata yeye alicheka.

Kitabu cha kanuni kinasema imani ni hesabu:
weka mkono juu ya jeraha, futa pointi nane,
mgonjwa anainuka. Kukicha, pointi zimerudi,
kama maziwa mlangoni.

Baba yake Ragnfrid alikuwa mchungaji kisiwani Senja.
Aliweka mkono juu ya kifua cha mkewe
majira ya baridi mazima
na hakuna aliyemwambia amebakiwa na pointi ngapi.
Ragnfrid, miaka kumi na mmoja, alishika taa.
Haya hakuyasema mezani. Aliniambia siku moja
akikwangua barafu kwenye kioo cha gari,
kanipa kisogo.

Ndipo nikaelewa: njozi ya mchezo huu si joka.
Joka tunalijua, tunalilipa benki kila mwezi.
Njozi ni kuita
na kuitikiwa.

Usiku ule, langoni, mlinzi aliuliza:
“Mna mtoto wa malkia?”
Mtoto alikuwa ndani ya pipa langu, kajikunja kama soksi.
Tukamtazama Ragnfrid, sote.
Alilizungusha dadu vidoleni asilitupe.
“La,” akasema. “Hatuna mtoto.”

Håvard akachukua kifutio, kwa huruma ya karani,
akaanza: nuru, kwisha.
Uponyaji, kwisha.
Ragnfrid akamshika mkono.
“Nani kaizima? Mungu wangu, au wewe?”
“Kitabu.”
“Basi kitabu hakijawahi kumficha mtu.”

Jostein akatafuna karanga moja, polepole mno.
Kisha mkono ukaachiwa, na kifutio kikamaliza kazi.

Wiki sita alicheza hivyo, bila nuru,
akitangulia kila mlango,
akitufunga majeraha kwa vitambaa vya kawaida
ambavyo kitabu hakivipi pointi hata moja.
Kiapo kilibaki kimebanwa kwa klipu.
Mstari wa kwanza kaukata, na pembeni, kwa kalamu:
nimevunja. naendelea.

Januari jua likarudi, ukucha mwekundu
nyuma ya mlima, dakika chache tu.
Watoto wa shule walipiga kelele uwanjani,
mji mzima ukala maandazi ya jua.
Ragnfrid aliniletea langu ndani ya tishu,
limebonyea, jamu imetokea ubavuni.
Nikamuuliza: farisi wako ataomba arudishiwe?
Akalamba sukari kidoleni,
akatazama pale mlimani palipokuwa pameng’aa.
“Sijui,” akasema.
“Nina zamu saa tisa.”